Friji Iliyosema Inachaji

Ekerenyo, Nyamira
9 Machi 1997

Ndugu yangu Ratemo,

Ominto, mtoto wa mama yangu, pokea salamu zangu na za boma lote. Mvua imeanza vizuri na mahindi yamechomoza. Mzee anakohoa kidogo asubuhi, lakini ukimwambia apumzike anakuuliza kama chai itajichuma yenyewe. Esnah, kitinda mimba wetu, anakusalimu sana. Nyanchama wake amefikisha miezi tisa na anatambaa kwa tumbo kama mjusi. Jumanne ataletwa zahanati nimchanje surua kwa mkono wangu mwenyewe. Yule ng'ombe Sarota amezaa dume.

Friji ya chanjo uliyoiombea zahanati yetu huko kazini kwenu ilifika salama. Jigar, mwana wa mzee Chandulal mwenye duka la vifaa vya stima Kisii mjini, aliileta kwa pikapu yao na kuifunga, akakataa hata soda. Sabato iliyofuata mchungaji aliiombea. Mzee naye alisimama kanisani bila kuitwa, akasema, "Huyu Ratemo wangu aliye India ndiye aliyeipa hiyo mashine akili." Watu walipiga makofi. Siku hizi kuna wanaokuja zahanati bila ugonjwa wowote, wanataka tu kusoma kile kioo kidogo kilichoandikwa Kiswahili. INACHAJI, kinasema, na taa ya kijani pembeni. Wananiuliza, "Sista, ni kweli haya maneno aliyaweka kijana wetu?" Nami najibu, ni yeye.

Kuna neno moja dogo. Jioni kiwanda cha chai kikiwasha mashine zake, stima yetu hudhoofika, balbu zinageuka rangi ya chungwa bivu. Taa yako hubaki kijani tu. Lakini stima ikipotea kabisa, betri haikawii kuisha, na friji inazima. Asubuhi moja nilikuta barafu imelainika kidogo. Labda ni sisi tunaofungua mlango ovyo. Usijisumbue, nimeuliza tu.

Dada yako,
Tryphosa


Pune
6 Aprili 1997

Dada Tryphosa,

Barua yako imenifikia nikiwa na mafua, ikanifaa kuliko dawa. Nimecheka habari ya mzee kusimama kanisani, kisha nikaisoma tena na tena. Mwambie anywe maji ya tangawizi. Mwambie Esnah nataka picha ya huyo mjusi wake.

Huku joto limeanza kutuchoma. Mwenye nyumba ameniongezea feni, ila feni yenyewe inazungusha joto tu. Kazini wanatukimbiza kama tuna deni la mbio. Nimejifunza kupika kitu kinachofanana na obokima, ugali wetu, kwa unga wa mtama. Wahindi ninaoishi nao wamekionja kwa adabu, hawakurudia.

Kuhusu betri: taa ikisema inachaji, inachaji. Waambie wasaidizi wako wasifungue mlango kila saa. Betri mpya pia huhitaji muda kuzoea.

Niandikie habari za mahindi.

Nduguyo,
Ratemo


Ekerenyo
20 Julai 1997

Ratemo,

Umeniandikia mara mbili ukiuliza kwa nini nimenyamaza. Nilikuwa nikianza barua na kuichana. Salamu za nyumbani zipo. Mzee yupo. Mahindi yanakomaa.

Surua imeingia Ekerenyo. Mwanzo nilidhani ni watoto ambao mama zao hawakuwahi kuja zahanati. Wakazidi kuletwa, macho mekundu, vipele usoni mpaka kifuani, nami nikaanza kuwatambua mmoja mmoja. Ni mimi niliyewachanja. Niligeuza kadi zao, mwandiko ni wangu.

Afisa wa afya akaja kutoka Nyamira. Alifungua friji, akaweka kipimajoto chake ndani, akasubiri, akakitoa, akakisoma. Kisha akasema, "Sista, hizi chanjo zilikufa zamani. Ulikuwa unawachoma watoto maji."

Nikamwonyesha kioo. Kilikuwa kinasema INACHAJI, na taa ni kijani.

Akasema, "Mashine haijui kusema uongo. Watu ndio wanaojua."

Nimerudishwa nyumbani mpaka uchunguzi uishe. Sokoni wanasema niliuza chanjo kule Masimba na kujaza chupa maji ya mto. Loice, mke wa Momanyi, niliyelala naye bweni moja miaka minne, ameniona nikija akavuka barabara na kikapu chake. Sikumlaumu. Mtoto wake alilazwa wiki mbili.

Mtoto mmoja hali yake ni mbaya kuliko wengine.

Sasa nakuuliza, na unijibu kama mtu aliyenyonya ziwa moja na mimi. Ile taa inajua nini hasa?

Tryphosa


Pune
14 Agosti 1997

Dada yangu,

Sina salamu za kuanzia. Nimezitafuta nimezikosa.

Umeuliza taa inajua nini. Nitakueleza kama ningemweleza mzee. Ndani ya friji kuna chaja, na hiyo chaja inajua mambo mawili. La kwanza, kama waya umeunganishwa na stima. La pili, kama umeme unaingia kweli ndani ya betri. Kati ya chaja na kioo kuna programu fupi inayoiuliza chaja, kisha inakiambia kioo kiandike nini. Sisi huiita draiva. Draiva ya friji yenu niliiandika mimi, tangu mstari wa kwanza mpaka wa mwisho. Inauliza lile jambo la kwanza tu. Ikiona waya umechomekwa, inaandika INACHAJI na kuwasha kijani. Stima ikidhoofika kama inavyodhoofika kwenu jioni, chaja hujifunga isije ikaungua. Waya uko palepale, na kwenye betri hakuingii kitu. Draiva yangu haioni tofauti. Itaendelea kuandika INACHAJI mpaka betri iwe tupu kabisa.

Ungeweza kuniambia, Ratemo, hukujua. Nilijua. Desemba, kabla friji hazijapakiwa, nilipunguza stima kwa makusudi hapa mezani. Sindano ya mita inayopima umeme unaoingia kwenye betri ilishuka ikalala kwenye sifuri, na kioo kikaendelea kusema INACHAJI. Nikaandika draiva nyingine. Hiyo ilikuwa na maneno mawili zaidi: HAICHAJI, na jingine la wakati chaja inapokataa kujibu, SIJUI. Nilimpelekea Abhishek, mkubwa wetu. Ni mtu mwema, usimfikirie vibaya. Alicheka tu. "Ratemo, nani atanunua mashine inayosema sijui?" Kuijaribu upya kungechelewesha shehena yote. Aliniachia niamue kama tungoje.

Sikungoja. Niliirudisha ile ya kwanza. Wala sikufanya hivyo kwa kumwogopa Abhishek. Nilitaka friji ifike kwetu. Nilitaka mzee asimame kanisani.

Ulipouliza mwezi wa Machi nilikuwa na jibu kabla sijamaliza kuisoma barua yako. Nikakujibu habari za mlango.

Niambie ni mtoto gani. Hukutaja jina, na wewe hutaja majina hata ya ng'ombe.

Ratemo


Ekerenyo
7 Septemba 1997

Ratemo,

Ni Nyanchama.

Yuko hai. Vidonda vya surua vilipanda machoni. Hospitali ya Kisii walijitahidi, la kulia likapona. La kushoto limekuwa jeupe kama maziwa, na daktari amesema tusilitumainie tena. Sikukuandikia kwa sababu ningeandika jina lake ningelazimika kuandika na mengine.

Barua yako niliitupa chini ya kitanda, nikaiacha huko. Nilikuwa na maneno ya kukuambia ambayo mtu hamwambii nduguye. Nilizunguka nayo siku kadhaa, nikilima, nikiteka maji, nikikutukana kimoyomoyo. Hasira zilipopoa nikaona kilichobaki chini yake ni changu.

Nilikuandikia kwamba barafu ililainika kidogo. Haikulainika. Ilikuwa maji matupu, na kipimajoto kilisimama kwenye nyuzi kumi na tisa. Na haikuwa asubuhi moja. Muuguzi wa mwaka wa kwanza anajua chanjo ya surua ikifika hapo inamwagwa na unaandika ripoti wilayani. Nilisimama mbele ya hiyo friji na kalamu mkononi. Nikamfikiria mzee akipigiwa makofi. Nikafikiria nitaandikaje kwamba zawadi ya ndugu yangu imeua chanjo. Nikatazama taa yako. Ilikuwa kijani. Nikaamua kuiamini kwa sababu ilinifaa kuiamini. Jumanne Esnah akaja na mtoto wake akitabasamu, akamshika mkono, nami nikachoma.

Afisa anafikiri mimi ni mzembe. Laiti ningekuwa mzembe.

Esnah hajui lolote. Watu waliponitenga, yeye ndiye anayeniletea mboga za rinagu na maziwa, Nyanchama akiwa mgongoni. Juzi alimfokea Loice sokoni kwa ajili yangu, "Dada yangu hawezi kumdhuru mtoto wa mtu!" Walionisimulia walidhani nitafurahi. Anapokaa jikoni kwangu sina pa kuweka macho.

Tryphosa


Pune
26 Oktoba 1997

Dada,

Nimechelewa. Nilipojua ni Nyanchama sikuenda kazini siku mbili. Ile picha yake aliyonitumia Esnah Mei niliigeuza ikatazama ukuta, kisha nikaona aibu kwa kuigeuza.

Siku ya tatu nilimfasiria Abhishek barua zako zote, pamoja na ile ya nyuzi kumi na tisa. Nilidhani atasema muuguzi ndiye aliyekosa. Hakusema. Aliniuliza mtoto ana umri gani, akavua miwani, akakaa. Baadaye akasema, "Andika upya. Wote waliochukua mashine tutawaandikia."

Draiva mpya nimeiandika. Inauliza maswali yote mawili, kisha inarudia kuuliza, kwa sababu jibu la dakika tano zilizopita si jibu. Umeme ukiingia, inasema INACHAJI. Waya ukiwa umechomekwa na umeme hauingii, inasema HAICHAJI, taa nyekundu. Chaja isipojibu, inasema SIJUI. Hata betri inayokaribia kujaa, INAJAA, na iliyojaa, IMEJAA, nimezitenganisha. Kazi yote ilinichukua muda mfupi kuliko barua hii. Hilo ndilo linaloniuma nikilala: ilikuwa kazi ndogo.

Imo ndani ya kidude cheusi kidogo nilichomkabidhi Payal, dada yake Jigar, anayemaliza masomo hapa na kurudi Kisii mwezi ujao. Jigar atajua pa kukiweka. Payal anayo pia barua ya kampuni kwa afisa wa afya, yenye muhuri, na yangu mimi yenye jina langu. Nimeandika kwamba nilijua. Usiwaache waiite hitilafu ya mitambo. Mitambo haikukosea, ilifanya nilivyoiagiza.

Sehemu yako sikuigusa humo. Hiyo siwezi kukusemea.

Nimejaribu kumwandikia Esnah. Kila mara naandika salamu, naandika "natumai," halafu kalamu inakufa. Je, utamwambia wewe?

Ratemo


Ekerenyo
14 Desemba 1997

Ndugu yangu Ratemo,

Mzee ni mzima wa mwili. Wimbi limevunwa, mvua za mwisho zilitupita kushoto na kulia. Nakueleza yote kwa mpangilio ili usije ukasikia vipande kwa watu.

Jigar alikuja na Payal mwisho wa Novemba. Alitoa kidude cha zamani kwa koleo, akaweka chako. Mchana kioo kilisema INACHAJI, nikachukia kuliona hilo neno. Tukangoja. Kiwanda kikawasha mashine, balbu ikawa chungwa, na kioo kikageuka mbele yetu: HAICHAJI, nyekundu. Jigar akasema, "Haya sista, sasa tunajua ugonjwa." Alirudi kesho yake na mashine ya kuinua stima, akaifunga ukutani. Barafu sasa ni jiwe.

Afisa alisoma barua zenu mara mbili. Akanyanyuka akanisalimu kwa mkono, akaniomba radhi kwa maneno ya Julai. Akasema nirudi kazini, na kwamba chifu atatangaza mashine ilikuwa mbovu, jina langu litasafishwa. Nilitoka pale na barua ya kurudishwa kazini ndani ya mkoba. Ratemo, kwa muda wa kutoka Nyamira mjini mpaka nyumbani nilikuwa nimekubali iwe hivyo. Nataka ulijue hilo.

Ijumaa nilimkuta Esnah uani akipepeta wimbi. Nyanchama alikuwa amekaa kwenye gunia akichezea makapi. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama. Hakuacha kupepeta.

"Ulijua yalikuwa maji?"

"Nilijua."

"Na Ratemo alijua?"

"Alijua."

"Na mlikuwa mkiandikiana."

"Tulikuwa tukiandikiana."

"Mkiandikiana nini?"

"Salamu."

Aliweka ungo chini polepole, wimbi lisimwagike. Akamchukua mtoto, akaingia ndani, akafunga mlango. Sijawahi kuona mlango wa Esnah ukifungwa mchana.

Sabato nilisimama kanisani. Mchungaji alidhani ni shukrani ya kurudi kazini. Nikawaambia mashine ilisema uongo na aliyeifundisha ni ndugu yangu, na kwamba mimi niliona ukweli kwa macho yangu nikanyamaza. Nikawaambia wote niliowachanja tangu Januari warudishwe, kwa sababu hawajachanjwa. Mzee alishika kofia yake akatoka. Tangu hapo anakula kwangu, anajibu nikimsalimu, lakini hajaniita kwa jina.

Loice ndiye aliyesema. "Na hiyo ya sasa, tutajuaje?"

"Njoo uishike barafu kwa mkono wako kabla sijamchoma mtoto."

"Nitaishika," akasema. "Sitakutazama wewe. Nitaitazama barafu."

Jumanne walikuja. Si wote. Nimesikia wengine wamekwenda Birongo kwa ndugu zao, wachanjwe na mtu mwingine, na ni haki yao. Lakini waliokuja walipanga mstari, na kila mama alitia mkono ndani ya friji kwanza, akautoa, akaupangusa kwenye leso, ndipo akamfunua mtoto wake. Hakuna aliyeniambia asante, hakuna aliyenitukana. Afisa aliona, akataka kuwakataza wasipoteze baridi. Nikamwambia awaache.

Jioni nilipokuwa naosha vyombo Esnah alikuja. Nyanchama hakuhitaji sindano tena, surua imekwisha kupita kwake. Esnah alisimama mlangoni. Nikamwambia kwamba umejaribu kumwandikia ukashindwa, na kwamba kama atakubali nitakuambia ujaribu tena.

"Asiandike," akasema. "Nyinyi mnaandika vizuri sana. Aje."

Nikamuuliza ukija atakuambia nini. Akasema hana la kukuambia bado. Huenda hatakuwa nalo. Anataka ukae hapa siku nyingi, ule hapa, umbebe mtoto wakati yeye anachuma chai, mpaka akuzoee. Kisha akamweka Nyanchama begani, akashuka ngazi, akarudi tena akiwa amekumbuka jambo. Amesema nikuandikie hili kama alivyolisema, nisilipambe.

Ukifika, usimjie mtoto kwa upande wa kushoto. Hushtuka.

Dada yako,
Tryphosa